Kuanza kazi Kisumu ukitokea Mwanza: wiki ya kwanza, kipi kitangulie

Ukifika Kisumu, kitu cha kwanza si nyumba wala godoro, ni laini ya simu. Hivi ndivyo ninavyowaambia wadogo zangu wote wanaonipigia kutoka Mwanza, Musoma na Shirati, barua ya kazi wameshapata, wanataka kujua waje na nini. Wengi wanaanza na godoro. Magodoro yapo, tena mengi. Lakini bila laini ya Kenya iliyosajiliwa kwa jina lako, kulipa chumba ni shida, kununua umeme ni shida, na hata mama wa mboga atakutazama vibaya ukimnyooshea noti ya elfu moja asubuhi kabla hajauza fungu hata moja.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nimekulia Kirumba, kazi nikaijulia kwenye viwanda vya samaki vya Mwanza, na sasa natengeneza vyumba vya baridi na mitambo ya barafu hapa Kisumu. Kazini wananiita Nyar Mwanza, yaani binti wa Mwanza. Ninayoyaandika ni kwa ajili ya Mtanzania aliyeajiriwa, mwenye mkataba. Mganda au Mkongo naye ataokota mengi humu, ila karatasi zake si lazima zifanane na zetu.

Kinachotuponza sisi ni ukaribu. Ziwa ni hilihili, joto ni lilelile, na Wajaluo tumeishi nao kule Rorya. Mtu anapanda basi alfajiri kana kwamba anakwenda Tarime kumsalimia shangazi, na jioni yuko kwenye nchi yenye kodi yake, sheria yake ya ajira na polisi wake, mkononi hana hata nakala ya mkataba.

Sirari

Hapa mpakani pasipoti ni lazima. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao wanavuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatumo kwenye utaratibu huo. Beba kadi ya manjano ya chanjo, vyeti halisi vya shule na vya ufundi, nakala kadhaa, picha za pasipoti, na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Kama una zana zako za kazi, ziandikie orodha na uzitaje mwenyewe kwa watu wa forodha kabla hawajafungua begi. Fundi mwenye geji, mitungi na mashine ya kuvuta hewa anaweza kudhaniwa mfanyabiashara.

Sasa jambo lenyewe. Muhuri wa matembezi unaopigiwa pale mpakani haukuruhusu kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndiyo iliyotupa haki ya kutafuta kazi upande wa pili, lakini kibali hakikufutwa. Mtu aliyeajiriwa anaombewa kibali cha kazi, na mwombaji ni mwajiri, kwa njia ya mtandao. Kwa kazi ya muda mfupi, au wakati kibali kinasubiriwa, kuna pasi maalumu. Kabla hujakata tiketi ya basi, muulize mwajiri swali moja kwa maandishi: kibali changu kimefikia wapi? Akikujibu "wewe njoo tu, mengine yatafuata," mwombe namba ya maombi. Mwenye maombi kweli ana namba.

Nina sababu ya kukazania hili. Kuna kijana wa nyumbani aliajiriwa mahali fulani hapa magharibi mwa Kenya, akaambiwa kila wakaguzi wakija atokee mlango wa nyuma na akae kibandani hadi waondoke. Mshahara alikuwa akiupata. Lakini ukiwa mtu wa mlango wa nyuma huwezi kudai chochote, kwa sababu wewe mwenyewe humo kwenye vitabu vyao. Alirudi Mwanza bila malipo ya mwezi wa mwisho, na hakuwa na ofisi ya kwenda kulalamikia.

Pale mpakani vijana wenye mabunda ya noti watakuzunguka. Badilisha ya nauli na chakula tu, mengine utatoa Kisumu. Shilingi moja ya Kenya inazungukia 20 za kwetu, kwa hiyo akikupigia hesabu kwenye simu yake, piga na wewe kwenye yako. Noti ya elfu moja yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta usipokee kabisa, ilifutwa tarehe 30 Septemba 2019. Ya sasa ina picha ya jengo la mikutano la KICC.

Kutoka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka, kuna matatu za kwenda Migori na Kisii, halafu Oyugis, Ahero, Kisumu. Panga ufike jua lingali juu. Si kwamba jiji ni baya, ila mgeni mwenye mabegi matatu anayeuliza njia usiku analipa kila kitu mara mbili.

Laini, na jinsi pesa inavyotembea

Nenda duka lenyewe la kampuni ya simu na pasipoti yako mkononi, siyo nakala. Sajili laini na M-Pesa kwa pamoja. Kusajiliwa kwa jina la mwenyeji wako "kwa sasa" kunaonekana ni wema, na huenda ni wema kweli, lakini siku laini ikipotea, pesa iliyomo ni ya mwenye jina.

M-Pesa tunaijua. Hapa ilianza 2007, kwetu ikafuata mwaka mmoja baadaye. Tofauti ni kwamba hapa watu wamehamia huko moja kwa moja. Dukani, hotelini, kinyozi, tuktuk, wote wana namba ya till, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, iliyoandikwa ukutani au kwenye kioo. Lipa kwa namba ya till, usimtumie mtu kwenye namba yake binafsi kama ana till, kwa sababu kutuma kwa mtu kunakutoza wewe ada. Jina la mpokeaji linaonekana, lisome kabla hujaondoka. Ukikosea, ule ujumbe wa muamala uusambaze papo hapo kwenda 456 na usimpigie aliyepokea kumbembeleza kwanza. Ukimpigia kwanza, unampa nafasi ya kuitoa.

Mtaani bei zinatajwa kwa majina yake: mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Makanga, yaani konda wa matatu, akikwambia "mbao" hakuuzii ubao.

Halafu kuna ugonjwa wa kubadilisha kila bei kichwani. Boda ya shilingi 50 unaipigia hesabu ya 1,000 za nyumbani, unashtuka, unaamua kutembea na jua la Kisumu. Mwisho wa wiki umechoka na akiba yenyewe haionekani. Pima bei kwa mshahara unaolipwa hapa, siyo kwa bei za Buzuruga kule Mwanza.

Nyumba

Wiki ya kwanza lala gesti au kwa mfanyakazi mwenzako. Usilipe chumba siku uliyofika, hata kama msimamizi anakuapia kuna watu watatu wanakisubiri. Watakuwepo na wiki ijayo.

Habari njema kwa mtu anayetoka Mwanza ni kwamba hapa hakuna ile kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Unalipa mwezi mmoja, pamoja na dipoziti ambayo kwa kawaida ni sawa na mwezi mmoja, na inarudishwa ukihama, wakishakata gharama za rangi na vilivyovunjika. Kwa hiyo piga picha kila ukuta kabla hujaingiza kitu. Anayekutaka ulipe miezi mitatu mbele amesikia lafudhi yako. Na pesa iende kwenye akaunti au till ya mwenye nyumba, yenye jina lililo kwenye mkataba wa upangaji, siyo kwa kijana aliyekutembeza. Huyo wa kukutembeza mnakubaliana chake kabla hamjaanza kutembea.

Kuhusu mitaa nitasema ninavyoona mimi. Milimani ni pazuri na mfuko utalia. Migosi na Lolwe ni pa watu wa mishahara ya kati, boda hazikosekani. Riat juu kilimani kuna upepo na unaliona ziwa lote, lakini ukitoka kazini usiku hesabu nauli. Manyatta na Kondele maisha ni rahisi na yamechangamka, chakula unapata saa yoyote, ila siku za siasa moto unawaka huko kwanza. Nyalenda ya chini na Nyamasaria usikubali kabla hujapaona mvua ikiwa imenyesha. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri kuelekea jioni, na radi zake. Basi nenda kuangalia chumba saa kumi na moja jioni, siyo saa nne asubuhi wakati kila kitu kimekauka na kupendeza. Tazama ukutani kwa nje: kama kuna mstari wa tope uliopita sawasawa kama uliochorwa kwa rula, hapo maji yalifika.

Ndani, kagua kifundi. Juzi juzi nilimsindikiza dada mmoja wa Geita kuona bedsita, yaani chumba kimoja cha kulala na kupikia. Msimamizi alikuwa kijana mpole, funguo zinamning'inia shingoni.

"Maji iko?"

"Maji iko, madam. Maji si shida hapa."

"Fungua."

Akafungua. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

"Huwa inakuja usiku."

"Usiku wa kila siku?"

Akacheka, akamtazama dada wa Geita, akaona ameshikwa. "Si kila siku."

Tukatoka nje kuangalia tangi. Maji ya jiji yanaletwa na KIWASCO, na mitaa mingine yana siku zake, kwa hiyo swali la maana si kama maji yapo bali tangi la ploti ni la lita ngapi na wanaligawana wapangaji wangapi. Pale tangi lilikuwa moja, dogo, na milango niliyoihesabu ilitosha kunipa jibu.

Umeme ni wa tokeni, kama LUKU. Uliza kama mita ni yako peke yako, andika namba yake, na kabla hujatia saini nunua tokeni ya pesa kidogo kwa M-Pesa, namba ya kulipia 888880, akaunti ni ile namba ya mita. Ukiona umepata uniti chache kuliko unavyotegemea, huenda mita ina deni la aliyekutangulia, na usiposema mapema utalilipa wewe. Mwisho tazama juu. Bati tupu bila dari kwenye joto hili hutalala hadi saa saba usiku. Madirisha yawe na wavu wa mbu. Feni utanunua, dari huwezi.

Karatasi baada ya kufika

Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha apate kitambulisho cha mgeni. Kifuatilie mara kibali kikitoka, kwa sababu kinafungua milango mingi. Unahitaji PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ambayo bila hiyo mwajiri hawezi kukuingiza kwenye mishahara kihalali na benki itakurudisha. Unahitaji NSSF, na unahitaji kuandikishwa SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. SHA inaanzia kwenye simu kwa *147#. Utaratibu ndio huo: kibali, kitambulisho, PIN, benki. Ukianza na benki utazunguka bure na kurudi ulipoanzia.

Kisumu kuna ofisi ya Uhamiaji na kuna Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, nenda asubuhi mapema na nakala za kila kitu. Ubalozi wetu uko Nairobi. Uwaandikie tu ujue wanajua upo: jina, namba ya pasipoti, unakofanya kazi, na namba ya ndugu wa nyumbani.

Kwenye hati ya mshahara ndipo watu wanapozimia. Umeahidiwa 60,000, umeshazidisha mara 20, umeshawaambia na nyumbani. Tupige hesabu, kwa viwango vya 2025. NSSF inakata asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya asilimia 2.75, yaani 1,650. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 900. Hizo tatu zinaondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa ni 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 21,517 zinazobaki asilimia 30. Inakuja 10,938. Ondoa nafuu ya mkazi, 2,400 kwa mwezi, kodi inabaki 8,538. Mkononi unabaki na kama 45,300. Ndiyo maana kwenye mazungumzo ya ajira usiulize mshahara ni kiasi gani, uliza mkononi nashika kiasi gani.

Soma mkataba kwenye mambo mawili zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe nyumba au posho ya kutosha ya nyumba. Mikataba mingi inasema posho imeshajumlishwa ndani ya mshahara, na mkataba ukisema hivyo, usije ukaidai tena kando. Pili, likizo ya mwaka ni siku za kazi zisizopungua 21. Sisi tumezoea 28 mfululizo, lakini hizo zinahesabu na Jumapili, kwa hiyo usilie sana.

Mwili na tumbo

Hapa nitapita haraka, mtu wa Mwanza hafundishwi ziwa. Kichocho ni kilekile, usikanyage maji ya ukingoni kwa sababu tu wengine wanafua. Malaria ni nyingi kanda hii yote, nunua chandarua siku unayonunua godoro, na ukihisi homa upimwe kwanza ndipo umeze dawa ya mseto. Ukisikia watu wanasema mgonjwa amepelekwa Russia, hajasafirishwa. Ndiyo hospitali kuu ya rufaa, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na sasa ina jina la Jaramogi Oginga Odinga.

Samaki nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kisumu wanauzwa samaki wa ziwani na wanauzwa samaki wa kugandishwa kutoka China, na wote ukishawakaanga wanafanana. Asubuhi nenda Dunga boti zinapofika. Funua shavu: liwe jekundu, siyo la kahawia. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Bonyeza mgongoni kwa kidole gumba, nyama irudi yenyewe. Kwa wa kugandishwa, geuza mfuko utazame chini. Barafu iliyojikusanya upande mmoja kama kipande kimoja kigumu maana yake aliyeyuka akagandishwa tena, umeme ulikatika au mtu alizima jokofu usiku kubana matumizi. Majokofu ya namna hiyo nayajua, mengine ninayatengeneza mimi. Huyo muache.

Watu

Kiswahili kinatosha kazini na madukani. Sokoni utasikia Dholuo, na bei ya mtu aliyesalimia kwa Dholuo si bei ya mtu aliyenyoosha kidole. Asubuhi sema "oyawore." Wakikuuliza "idhi nade?" jibu "adhi maber." Ukipewa kitu, "erokamano." Wakina mama wa soko la Jubilee watacheka, watakurekebisha, watakuongezea nyanya mbili. Mkono unatolewa kwa kila mtu aliyeko chumbani, hata kama mko kumi na tano na kikao kimeshaanza. Mzee ni jaduong', na shikamoo yako wengi wataipokea kwa tabasamu bila kujua waitikie nini. Mpe mkono hivyohivyo.

Jambo litakalokuingiza ndani ya watu haraka kuliko yote ni matanga. Kabla wiki mbili hazijaisha kutakuwa na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kazini: mwenzetu amefiwa na baba mkwe, mweka hazina ni fulani, namba hii hapa. Kisha majina yanaanza kupanda na kiasi pembeni, kila mtu anaona. Mgeni anajiambia simjui hata mfiwa, asubiri mwezi ujao. Toa. Si lazima iwe nyingi, tazama wenzako wa ngazi yako wametoa ngapi, utoe kama wao, usiwazidi kwa kujionyesha. Wajaluo wanamzika mtu wao kwao, siyo mjini, kwa hiyo kuna gari la kukodi, mafuta, sanduku, na chakula cha umati ambao hakuna anayeuhesabu. Maiti mara nyingi hutoka mochwari Ijumaa na kuzikwa Jumamosi, ndiyo sababu Ijumaa mchana ofisi nyingine zinabaki na watu wawili. Ukialikwa kwenda, nenda. Vaa viatu vya kufungwa, beba mwavuli na pesa ya nauli ya kurudia kivyako, kwa sababu gari la kundi litaondoka lini hajui hata dereva.

Mpira nao ni mlango. Ukianza kujitapa na fainali za Simba na Yanga, watakutuliza kwa mwaka mmoja tu: 1987, Gor Mahia walipochukua Kombe la Washindi barani Afrika, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kubeba kombe la bara. Hapo huna jibu, agiza soda.

Siasa sikiliza, usichangie. Raila Odinga alifariki Oktoba 2025, akazikwa Bondo, na hapa msiba huo bado ni wa nyumbani. Watu watamsema vibaya wao kwa wao na kumlilia dakika ileile. Wewe mgeni huna upande katika hilo. Tarehe 7 Julai ambayo kwetu ni maonyesho na mapumziko, huku Saba Saba ni kumbukumbu ya maandamano ya 1990, na ni siku ya kuuliza wenzako mapema kama barabara zitapitika. Wakikwambia usipite Kondele leo, usipite, hata kama unaona boda zinapita. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Likizo yako ya mwaka huo iombe mapema, wenzako wa kutoka mbali wataiwahi wiki hiyohiyo.

Nyumbani wataanza kukuuliza pesa kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Waambie tarehe moja ya mwezi, na ishike. Kutoka M-Pesa ya hapa unaweza kutuma moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Vodacom, huna haja ya kumpa dereva wa basi bahasha. Linganisha tu ada na kiwango cha kubadilishia kabla hujabonyeza, maana kutuma kidogokidogo kila wiki kunaliwa na ada.

Na Jumapili yako ya kwanza baada ya kulipa chumba, nenda Kibuye. Soko hufurika siku hiyo: vitanda, meza, masufuria, mapazia ya mitumba, majiko, hadi vipuri ambavyo mimi navisaka wiki nzima. Nenda na mwenyeji atakayekuombea bei wakati wewe umenyamaza, maana ukifungua mdomo wanajua umetoka wapi. Kitanda cha mbao kitikise kabla ya kulipa, kigeuze uone misumari ya chini. Na kijana wa mkokoteni mkubaliane nauli ya hadi mlangoni kwako, si hadi getini, kabla hajafunga kamba ya kwanza.